Ukwato wa Askofu

Farasi mgonjwa wa ukwato hadanganyi. Mwenye farasi ndiye anayeweza kukudanganya, na mara nyingi anaanza kwa kujidanganya mwenyewe. Hilo ndilo ninalowaambia kwanza vijana wanaokuja hapa kwangu mtaa wa Free Area, Nakuru, kuniuliza kuhusu kazi hii. Wanafika na simu mkononi, wamekwisha kutazama video za watu wa mbali wakichonga kwato safi kama sabuni, wananisalimia "niaje mathe," halafu wanataka niwaonyeshe kisu. Kisu nitawaonyesha. Lakini kwanza chukua kiti, kunywa chai, unisikilize, maana kisu ndicho chombo cha mwisho kutoka kwenye begi langu.

Nimestaafu sasa. Mgongo uliniambia basi, nami nikautii. Lakini kwa miaka mingi, kuanzia Naivasha hadi Molo, ukisikia farasi amepigwa kiatu vizuri au ametolewa usaha akapona, kulikuwa na uwezekano mkubwa kwamba ni mimi, Mama Nekesa, niliyeinama chini yake. Sijisifu. Tulikuwa wachache tu.

Wengi huuliza mwanamke aliingiaje humo. Niliingia kupitia chuma. Baba yangu alitoka Bungoma akiwa kijana, akaajiriwa katika karakana ya reli hapa Nakuru, na sisi watoto tukazaliwa katika nyumba za reli. Alipostaafu alijenga tanuri nyuma ya nyumba, akawa anafua majembe, bawaba za milango, na viatu vya farasi wa mashamba ya Njoro na Gilgil. Kaka zangu waliukimbia moshi. Mimi nilibaki nikivuta mivukuto, na baadaye nikashika nyundo. Siku moja baba alikuwa mgonjwa, viatu vinangojwa shambani, nikavipeleka mwenyewe.

Huko nilimkuta Mzee Kiprono, saisi mkuu wa shamba. Saisi, kwa wasiojua, ndiye mtu anayemlisha farasi, anayemsugua, na anayejua usingizi wake ulikuwaje. Alinitazama mimi na gunia langu la viatu, akaniuliza kama ninaweza kuvipigilia. Nikasema ninaweza, kwa sababu nilikuwa na umri ambao mtu anaweza kila kitu. Nikamwinua farasi mguu wa nyuma, na yule farasi, alipogundua kuna mtu wa kumbeba, akaniegemea na uzito wake wote kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Kiprono aliendelea kunywa chai yake. Alipoona magoti yangu yanakaribia ardhi ndipo akasema, bila haraka, kwamba ukimwachilia mguu ghafla atajishika mwenyewe. Nikauachilia. Akajishika. Toka siku hiyo sikuwahi kumbeba farasi. Nilimshikia tu mguu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kiprono ndiye aliyenifundisha kuweka mkono kabla ya kuweka chombo. Ukifika kwa farasi anayechechemea, mtazame kwanza akiwa amesimama. Anauweka wapi uzito wake? Halafu ushike ukwato mmoja, kisha mwenzake, uone upi una moto. Halafu tafuta mpigo wa damu, nyuma ya kile kifundo kilicho juu ya ukwato. Kwa farasi mzima utautafuta mpigo huo hadi ukate tamaa. Kwa farasi mwenye usaha ndani, utakupiga vidole kama mgeni anayebisha hodi kwa hasira.

Kisha unainua mguu na unanusa. Ndiyo, unanusa, kama pua yako ni ya kifahari, tafuta kazi ya benki. Katikati ya unyayo wa ukwato kuna kipande laini chenye umbo la pembetatu, sisi tulikiita frogi. Farasi akisimama kwenye tope na mkojo, mifereji ya pembeni mwa frogi huanza kuoza, inatoa uji mweusi, na harufu yake ukiipata mara moja hutaisahau hata kanisani. Huo ni uozo wa juu juu, na dawa yake si siri. Kata vipande vilivyolegea, sugua kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo upake dawa, iwe iodini au mrututu uliopunguzwa makali. Halafu mtoe farasi kwenye tope. Nimeona watu wakimimina dawa nzuri juu ya uchafu, kisha wanalaumu dawa.

Usaha wa ndani ni jambo lingine. Ukwato ni sanduku gumu. Uvimbe ukiingia mahali pengine mwilini, ngozi hutanuka. Ndani ya ukwato hakuna nafasi, kwa hiyo maumivu yake ni ya kutisha, na farasi aliyekuwa akikimbia jana leo hakanyagi kabisa. Hapo unatafuta njia ya usaha kutoka kwa chini, na unatoboa tundu dogo. Ninasema tundu. Nilifanya kazi na fundi mmoja wa Gilgil, mtu mzuri, ambaye akianza kuchimba hakujua kuacha. Alikuwa anatoa usaha na kuacha pango. Farasi anapona jipu, halafu anauguza pango kwa muda mrefu kuliko lile jipu. Tulimtania kwamba angefaa machimbo ya mawe ya Njiru, kule Nairobi, lakini kusema kweli haikuwa mzaha kwa farasi.

Sasa niwaeleze kuhusu Askofu, maana ndiye aliyenifundisha yaliyobaki, na nilikuwa tayari mtu mzima mwenye wajukuu.

Askofu alikuwa farasi wa Njoroge wa Kihoto, pale Naivasha. Alikuwa dume aliyehasiwa, wa rangi ya kahawia, mnene, mpole, aliyetembea polepole na kichwa juu kama anayeongoza maandamano ya kuingia kanisani. Watoto wa mtaa ndio waliompa jina. Wikendi Njoroge aliwapandisha watoto hao hao wakazunguka karibu na ziwa, na msimu wa harusi Askofu alivalishwa maua na kumbeba bwana harusi, ambaye kwa kawaida alikuwa na woga kuliko farasi. Nilikuwa nimemhudumia kwato kwa miaka. Nilimjua kama unavyomjua mtoto wa jirani.

Ulipofika ule msimu ambao ziwa lilipanda na kuingia Kihoto, Njoroge alinipigia simu akasema farasi anaumwa mguu kidogo. Nikamuuliza kidogo namna gani. Akasema kidogo tu, lakini nije.

Nilifika nikakuta nyumba zimesimama ndani ya maji hadi madirishani, na mashua zinapita mahali ambapo nilikuwa nimezoea kununua mandazi. Askofu alikuwa amefungwa kwenye kipande cha barabara kilichoinuka, karibu na kanisa ambamo watu walikuwa wamehamia na magodoro yao. Alisimama kwa miguu mitatu. Mguu wa mbele wa kushoto aliugusisha ardhi kwa ncha tu. Njoroge alianza kunieleza kuhusu maji, kuhusu chifu, kuhusu kitanda chake kilichoelea. Kila kitu isipokuwa farasi.

Aliyenieleza ni mkewe, Mama Shiro, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa ameketi juu ya sufuria zake zilizofungwa kwa shuka. Alisema maji yaliingia kwa nguvu alfajiri, na mashua zilikuwa chache. Njoroge akamchukua Askofu, akaanza kuwatoa wazee na watoto nyumba kwa nyumba, yeye akitembea majini ameshika kamba, wao wakiwa juu. Farasi wengi hawawezi kuingia maji wasiyoona chini yake. Askofu aliingia, akatoka, akaingia tena. Kisha wakapita mahali ambapo nyumba ilikuwa imebomoka, mabati na mbao zikiwa zimelala chini ya maji, akajikwaa. Njoroge aliuinua mguu, akakuta msumari wa mabati umezama ndani ya ukwato. Akaung'oa kwa koleo.

Lakini kulikuwa na nyumba moja bado. Ndani yake alikuwa msichana aliyejifungua siku chache kabla, na mtoto wake. Njoroge alirudi na Askofu, akawapakia, akawatoa.

"Nilikuwa naona anachechemea," Njoroge alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuyazungumzia. "Hiyo msumari nilitoa nikatupa kwa maji, mathe. Halafu nikamrudisha."

Vijana, kuna kanuni katika kazi hii: msumari ukiingia chini ya ukwato, usiung'oe kama daktari anaweza kufika. Uzungushie kitu laini usizame zaidi, mzuie farasi asitembee, ungoje. Msumari ndio ramani. Ukiwa bado ndani, picha ya eksirei inakuonyesha umeelekea wapi na umegusa nini. Ukishatoka, ukwato hujifunga kama mpira, na hakuna anayejua tena. Ishikeni kanuni hiyo. Lakini pia mjue kwamba aliyeitunga alikuwa amesimama pakavu. Pale alipokuwa Njoroge, maji kifuani na mtu anaita kutoka dirishani, hata mimi ningeung'oa, na hata mimi ningerudi.

Nilimwambia hivyo. Hakunisikia. Alikuwa ameanza kujihesabia makosa, na mtu akiwa katika hali hiyo maneno humpita. Kwa hiyo nikamwambia jambo jingine. "Ukimaliza kujilaumu, njoo unishikie kichwa chake." Akaja.

Nilipoweka mkono, ule mpigo wa damu haukuhitaji kutafutwa. Ukwato ulikuwa wa moto. Nikausafisha, nikaona kwenye mfereji wa pembeni wa frogi alama moja nyeusi, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Nilipopabana kwa koleo langu la kupimia, Askofu, ambaye hakuwahi kumng'ata kiumbe yeyote, alinyoosha shingo akanivua kitambaa cha kichwa kwa meno. Hapo nilijua mambo mawili. La kwanza, mahali ni hapo. La pili, hapo si pa kisu changu.

Hili liwakae kichwani. Msumari uliochoma unyayo pembeni ni kazi ya fundi. Msumari ulioingia katikati, kwenye frogi, ni kazi ya daktari, kwa sababu nyuma ya frogi kuna kano kubwa, kuna kiungo, kuna mfupa. Usaha ukiingia kwenye kiungo, farasi haponi. Nikampigia simu Daktari Chebet, daktari wa mifugo kijana aliyekuwa na mashine ndogo ya eksirei ya kubeba kwa gari. Alisema mashine haiwezi kufanya kazi matopeni, tumtafutie farasi mahali pakavu. Akaniambia pia nihakikishe amechomwa sindano ya pepopunda hata kabla yeye hajafika, na akanitumia msaidizi wake aliye Naivasha aje kuichoma.

Mahali pakavu palikuwa kwa kaka yake Mama Shiro, huko Rongai, kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji na kibanda cha ng'ombe kisichotumika. Dereva wa lori lililokuwa limeleta mahindi ya msaada alikubali kutupeleka akirudi. Tulimtengenezea Askofu mteremko wa udongo na magunia hadi kwenye mlango wa lori. Kabla hajapanda, niliomba mtu anipe ndara. Njoroge akavua zake. Nilizikata, nikazifunga kwa tepu ya gundi chini ya ukwato wa kulia, ule mzima.

Watu walidhani nimechanganyikiwa, mgonjwa ni wa kushoto. Lakini farasi asiyekanyaga mguu mmoja anautwika mwenzake mzigo wote, siku baada ya siku, na ule mzima huvimba ndani, mfupa ukalegea kutoka kwenye ukwato. Farasi wengi wamepona mguu mgonjwa wakafa kwa mguu mzima. Utegemeze mapema, kwa kitu laini chenye nguvu. Ndara za Njoroge zilifika Rongai zikiwa salama, na yeye akafika peku.

Daktari Chebet alikuja asubuhi iliyofuata. Alichoma sindano ya ganzi, akasafisha lile tundu, akaingiza kwa sindano maji maalum ambayo eksirei huyaona, ili yafuate njia ya msumari hadi mwisho wake. Kabla hajapiga picha alisimama mbele ya Njoroge na Mama Shiro akasema wazi, bila kuzungukazunguka.

"Haya maji yakionekana yameingia kwenye kiungo, sitawadanganya. Tutamlaza usingizi wa mwisho leo, hapa, bila maumivu. Yasipoingia, tuna kazi."

Njoroge alitoka nje ya kibanda. Mama Shiro alibaki ameshika kamba.

Nimesimama karibu na wagonjwa wengi, na kwa kawaida huwa sijui kuogopa. Mikono ikiwa na kazi moyo hutulia. Pale sikuwa na kazi. Niliitazama ile skrini ndogo pamoja na Daktari. Ile njia ilionekana nyeupe, nyembamba, ikipanda kutoka kwenye frogi, ikikaribia kiungo, ikikaribia zaidi, kisha ikapinda mbele na kuishia kwenye ukingo wa mfupa wa ukwato. Haikuingia. Daktari alipiga picha nyingine kutoka upande wa pili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akavuta pumzi. Alinionyesha mahali ukingo wa mfupa ulikuwa umeanza kulika kama biskuti iliyoloweshwa. Kwa pua na vidole vyangu vyote nisingeweza kuliona jambo hilo. Ndiyo sababu ninawaambia muwe na namba ya daktari mzuri kabla hamjawa na kisu kizuri.

Kazi tuliigawana. Yeye angefungua njia kutoka chini na kukwangua mfupa. Mimi nilitakiwa kutengeneza kiatu cha hospitali, yaani kiatu cha kawaida chenye bamba la chuma chini yake, linalofungwa kwa bolti, ili kila siku ulifungue, uoshe kidonda, uweke dawa, ulifunge tena na farasi akanyage bila uchafu kuingia. Kiatu nilikuwa nacho. Bamba sikuwa nalo. Baba aliwahi kuniambia mahali penye magari makubwa hapakosi chuma, basi nikaenda Salgaa, ambapo malori hulala na mafundi wa kuchomelea hawalali. Nikamkuta Otieno, fundi wa mabodi ya malori, nikamchorea nilichotaka kwenye vumbi kwa kidole. Alitazama mchoro akauliza ni kifuniko cha tanki gani. Nikamwambia ni soli ya Askofu. Akaniuliza kwa heshima kama Askofu anajua. Tulicheka hadi wapishi wa kibanda cha jirani wakatoka kutazama. Alikata bamba kutoka kwenye kifuniko cha sanduku la vifaa la lori lililopata ajali, akatoboa matundu, akalainisha kingo kwa mkono wake. Sijawahi kutengenezewa kitu safi namna hiyo.

Siku ya operesheni mambo yalikwenda vizuri. Usaha ulitoka, mweusi na mwembamba, na Askofu alipoamka kutoka kwenye dawa ya usingizi mwepesi aliyopewa akiwa amesimama, aliushusha mguu chini, akaujaribu, akauacha pale. Mkiwa na bahati mtaliona hilo mara nyingi. Halichoshi.

Lakini operesheni ni ya siku moja, kidonda ni cha miezi. Njoroge alikuwa anarudi Kihoto kila mara kutoa matope ndani ya nyumba, na hata alipokuwa Rongai hakuweza kuutazama ule mguu. Mama Shiro akasema atafanya yeye. Nilimfundisha: fungua bolti, osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kausha, weka chachi yenye dawa, funga. Katika kibanda weka vumbi la mbao lililokauka, toa mavi kabla hayajakanyagwa. Siku ambazo Daktari alitaka ukwato uvutwe usaha, tulifunga dawa ya kuvuta yenye chumvi ya haluli kwa nepi za watoto, zile kubwa. Hakuna kitu kinachofunga ukwato vizuri kama nepi, imeumbwa kwa umbo hilo. Nilikuwa nikizinunua Nakuru, na yule binti wa dukani, akiona mwanamke wa umri wangu anabeba nepi kila wiki, alinipongeza kwa mjukuu. Nikamwambia mjukuu huyo ana kilo nyingi kuliko mimi na yeye tukijumlishwa. Hakunipongeza tena.

Mama Shiro alikuwa na mikono. Ninaposema hivyo ninamaanisha kwamba hakumshtua farasi hata mara moja. Alimwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti yake ya chini akifungua bolti, na Askofu alisimama na macho nusu yamefumba.

Halafu ikaja asubuhi aliponipigia simu akasema Askofu amekataa tena kukanyaga. Nilifika nikakuta mpigo umerudi, na juu kabisa, pale nywele zinapokutana na ukwato, pamevimba na pametoboka, panatoa usaha. Kitu kilichokosa njia ya kushuka kilikuwa kimetafuta njia ya kupanda. Daktari alikuja akasema jambo ambalo sote tulikuwa tunalifikiri: pengine mfupa unaendelea kuoza, na pengine tumefika mwisho wa tunachoweza.

Njoroge alikuwa amekuja siku hiyo. Alisimama mlangoni mwa kibanda, koti limejaa tope la Kihoto.

"Tumwache apumzike," alisema.

Mama Shiro hakugeuka. "Apumzike nani, yeye ama wewe?"

Njoroge alikaa juu ya debe, akafunika uso kwa mikono, na nikaona mabega yake yanatikisika. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Aliendelea hadi akamaliza, na katikati yake akasema kwamba kila akifunga macho anauona mguu ule ukiingia majini tena, na yeye ndiye anayevuta kamba. Mama Shiro alikwenda akasimama karibu naye. Alisema, kwa Kikuyu kwanza, kisha kwa Kiswahili ili sisi pia tusikie, kwamba msichana yule angekuwa wapi sasa, na mtoto wake, kama kamba ile isingevutwa.

Daktari aliniuliza ninaona nini. Aliniuliza kwa dhati, na nikamjibu kama fundi. Nilimwambia farasi aliyekata tamaa hugeuza uso ukutani na kuacha masikio yaanguke. Huyu, nilipokuwa naingia, alikuwa amenyoosha shingo juu ya ua akila sukumawiki za shemeji yake Njoroge. Usaha uliotoka juu si habari nzuri, lakini ni habari. Kitu kinasukumwa nje. Tutazame kinachosukumwa. Akatafakari, akakubali, akasema tutazame mara moja, na ikiwa ni kiungo, hatutamwongezea mateso. Nikasema sawa, kwa sababu ilikuwa sawa.

Akaweka ganzi, akaingiza kibanio chembamba kwenye lile tundu la juu, akatafuta polepole. Kisha mkono wake ukasimama. Akavuta. Kikatoka kipande cha mfupa, kilichokufa, cha kijivu, kisichozidi punje ya mahindi. Akakiweka kwenye kiganja changu. Mwili wa Askofu ulikuwa umekitenga wenyewe, umekisukuma hadi mlangoni, umetungoja sisi tukitoe. Eksirei iliyofuata ilionyesha ukingo wa mfupa uko safi.

Njoroge alikiomba kile kipande akitazame. Alikigeuza mara kadhaa, kisha akanirudishia, akavua koti, akaniuliza jinsi ya kufungua bolti. Tangu siku hiyo walipokezana, yeye na mkewe, ingawa yeye hakuweza kuimba, na Askofu alimvumilia.

Kuna jambo moja watu wa vitabu wanalieleza vizuri, lakini hulielewi hadi ulione kwa macho yako. Ukwato hukua kama ukucha, kutoka juu kwenda chini, kwa ukimya na bila haraka. Pale usaha ulipotokea juu, palibaki tundu na ufa. Tundu lile halizibwi. Linashuka. Kila nilipokwenda Rongai kuchonga lilikuwa limeshuka kidogo, na juu yake ukwato mpya, laini, usio na alama. Kiatu cha hospitali tulikitoa. Ndara tulizitoa. Askofu alianza kutembezwa, halafu kutembea mwenyewe, halafu kuchungulia jikoni. Maji yalishuka Kihoto, watu wakarudi kupaka chokaa, na familia ikaamua farasi abaki Rongai, penye udongo mkavu. Bwana harusi wa mwisho alikuwa amekwisha kumpanda, maana Daktari alikataza uzito. Watoto wadogo aliwaruhusu.

Mara ya mwisho nilipomchonga, lile tundu lilikuwa limefika ukingoni kabisa, mbele kwenye ncha ya ukwato. Nilimwomba Njoroge amshike. Nikauweka mguu kwenye goti langu, nikachukua koleo la kukatia, nikazunguka taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kipande kikaanguka kizima, kama mwezi mchanga, na tundu la usaha katikati yake. Nikapitisha tupa. Nikaushusha mguu. Askofu aliukanyaga bila hata kuufikiria.

Njoroge aliinama kukiokota kile kipande, lakini mbwa wa shemeji alikuwa amengoja asubuhi nzima, maana mbwa hupenda ukwato kuliko nyama, naye akakinyakua akakimbia nacho nyuma ya nyumba. Njoroge alibaki ameinama, mkono mtupu. Kisha akanyooka, akajifuta viganja kwenye suruali, akaniuliza kama nitakunywa chai.